Fremu ya Kwanza Ilisema Sekunde 48: Kisa cha Filamu ya Fremu 1,800

Kazi yenyewe haikuwa ngeni kwangu. Msanifu majengo alikuwa na nyumba ambayo bado haijajengwa, akataka filamu fupi inayompitisha mtazamaji nje na ndani yake kana kwamba imeshasimama. Sekunde 72, fremu (picha moja moja zinazounda filamu) 25 kwa sekunde, picha ya pikseli 1920 kwa 1080. Hizo ni fremu 1,800. Nilitumia Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D, na injini yake ya kukokotoa picha iitwayo Cycles, sampuli (miale ya kupima mwanga) 256 kwa kila pikseli, programu ya kufuta chenga, yaani vidoadoa vya picha, ikiwa imewashwa, kwenye kompyuta moja ya mezani yenye kadi ya michoro ya gigabaiti 12. Kazi ilitakiwa mkononi mwa mteja Jumatatu saa 3 asubuhi.

Ijumaa jioni nilirenda fremu ya kwanza kama jaribio, yaani niliiacha kompyuta ikokotoe picha yake kamili. Sekunde 48. Nikazidisha kwa 1,800, nikapata sekunde 86,400, yaani siku nzima bila kupungua wala kuzidi. Hesabu ikikutokea safi namna hiyo, huoni sababu ya kuihoji. Saa 12 jioni nikabonyeza kitufe, nikampigia mteja.

"Kesho jioni itakuwa imemaliza," nilimwambia. "Jumapili nzima naitazama kwa nafasi."

Kama ningeiacha iendelee vile ilivyokuwa, ingemaliza Jumanne saa 2 na dakika 20 usiku. Masaa 98, si 24. Kisa hiki kinahusu yale masaa 74 ya ziada, yalikuwa yamejificha wapi, na jinsi nilivyoyatafuta Jumamosi usiku wakati maji yalikuwa tayari shingoni.

Niseme mapema kwamba kuzidisha hakukuwa na kosa. Fremu ya kwanza nayo ilipimwa sawasawa. Kilichoharibika ni kuamini kwamba fremu ya kwanza ni mwakilishi wa zile 1,799 nyingine, ilhali hakuna aliyeichagua kuwakilisha chochote. Ilikuwa ya kwanza tu, na fremu ya kwanza ya filamu ya nyumba karibu kila mara ni nyumba ikionekana kwa mbali, nusu ya picha ikiwa anga.

Anga ni bure, au karibu na bure. Injini ya aina ya Cycles hufuata miale: inatoa mwale kwenye kamera, inautazama umegonga nini, unadunda kuelekea wapi, unagonga nini tena, mpaka ufike kwenye chanzo cha mwanga au ukatwe njiani. Wazo hilo lina umri. James Kajiya aliandika mlinganyo wake mwaka 1986. Mwale unaotoka kwenye kamera ukaingia angani haugongi kitu, basi umemaliza kazi. Pikseli ya anga ina sampuli 256 kama pikseli nyingine yoyote, lakini kila sampuli ni safari ya hatua moja.

Sasa linganisha na shoti ya nne, yaani kipande cha nne cha filamu. Kamera inashuka polepole juu ya meza ya kioo yenye bilauri tatu za maji, nyuma yake ngazi, na mandharinyuma yametiwa ukungu wa lenzi. Chukua mwale mmoja tu unaolenga bilauri ya katikati. Unagonga ukuta wa nje wa bilauri. Hapo injini inaamua uakisiwe au upenye. Ukipenya unapinda, unatoka upande wa ndani wa kioo, unaingia kwenye maji na kupinda tena, unapita hadi ukuta wa pili, unatoka, unashuka kwenye uso wa meza, nayo ni kioo vilevile, kwa hiyo unaingia juu na kutoka chini, halafu ndiyo kwanza unafika kwenye zulia. Migongano saba au minane kabla ya kukutana na kitu chenye rangi. Zulia nalo linautupa mwale upande wowote, na huko unakokwenda unaweza kuipiga meza kwa chini na kuanza upya. Mipangilio ya kawaida ya Cycles inaruhusu midundo 12, na kwenye shoti ile miale mingi iliimaliza yote. Fremu ya katikati ya shoti hiyo ilichukua sekunde 560. Hiyo ni karibu mara kumi na mbili ya ile ya kwanza, kwenye faili moja, mipangilio ileile, mashine ileile.

Kwa ujumla filamu ilikuwa na shoti tano, na baadaye nilipokuwa na takwimu zote mkononi picha ilikuwa hivi. Shoti ya nje mchana, fremu 500, wastani wa sekunde 50. Mlango na ukumbi, fremu 300, sekunde 95. Sebule yenye ukuta wa kioo na mapazia mepesi, fremu 550, sekunde 240. Meza na bilauri, fremu 250, sekunde 410. Nje usiku, na bustani, taa na ukungu, fremu 200, sekunde 330. Ukijumlisha unapata sekunde 354,000. Fremu 500 za mwanzo, ambazo ni zaidi ya robo ya filamu, zimebeba asilimia 7 tu ya muda. Zile 250 za meza, ambazo hata sekunde kumi na moja za filamu hazifiki, zimebeba karibu asilimia 29.

Kilichonichelewesha kugundua ni kwamba nilikuwa nikiangalia. Ningekuwa sijaangalia kabisa ningeweza kujitetea.

Jumamosi saa 12 asubuhi, masaa kumi na mawili baada ya kuanza, mashine ilikuwa kwenye fremu ya 691. Nilitarajia 900. Nikapiga hesabu upya kwa wastani wa zilizokwisha: jumla itakuwa masaa 31. Sawa, imechelewa kidogo, nafasi ipo. Saa 12 jioni, wakati ambao kazi ilipaswa kuwa imekwisha, ilikuwa kwenye fremu ya 937. Hesabu upya: jumla masaa 46, itamaliza Jumapili alasiri. Bado nafasi ipo. Nikaenda kula.

Hayo makadirio mawili ya pili ndiyo yanayoniudhi hadi leo kuliko lile la kwanza. La kwanza lilikuwa uvivu. Haya mengine yalivaa nguo ya busara: yalitumia data halisi, fremu mia kadhaa, yakajirekebisha kila yalipopata habari mpya. Lakini wastani wa fremu zilizopita unajua kuhusu fremu zilizopita tu. Filamu haiji kwa kuchanganywa kama karata. Inakuja kwa mpangilio, rahisi mbele na nzito nyuma, na kila ukichukua wastani wa mwanzo unarithi urahisi wa mwanzo. Kulikuwa na dalili moja wazi mbele ya macho yangu. Makadirio yalikwenda 24, kisha 31, kisha 46. Makadirio mazuri yakirekebishwa hupanda mara moja na kushuka mara nyingine. Yakisogea upande mmoja tu kila unapoyagusa, basi yamepinda tangu mwanzo, na yanakuambia hivyo kwa sauti.

Saa 3 usiku nilirudi kwenye kiti. Fremu ya 982. Safari hii sikupiga wastani. Nilitazama tu kwamba masaa matatu yaliyopita yamezaa fremu 45. Fremu 15 kwa saa. Zimebaki 818. Hapo hata bila karatasi unaona: zaidi ya masaa 54, na mimi nina 36. Tena hiyo ni kama fremu zilizobaki ni za uzito wa sebule, na nilijua kwamba baada ya sebule kuna bilauri.

Niliisimamisha mashine. Kuna watu wataona huo ni wazimu, kusimamisha kazi wakati muda hautoshi. Lakini kila fremu iliyokuwa ikiendelea kutoka ilikuwa inatoka kwa mipangilio ambayo tayari nilijua haitafika.

Jambo moja nililolifanya vizuri tangu Ijumaa ni kuhifadhi kila fremu kama faili yake ya picha badala ya kuandika moja kwa moja kwenye faili ya video. Kwa hiyo kusimamisha hakukupoteza kitu. Fremu 982 zilikuwa zimekaa kwenye folda.

Kipimo ambacho ningekifanya Alhamisi

Nilichagua fremu tatu kwa kila shoti iliyobaki: karibu na mwanzo, katikati, karibu na mwisho. Tisa kwa jumla. Nikazirenda kwa mipangilio kamili na kuandika muda wa kila moja. Shoti ya meza ilitoa sekunde 250, 560 na 420, wastani 410. Sebule ilitulia kwenye 240. Bustani ya usiku, 330. Zoezi zima lilikula dakika 49, na likaniambia kwamba kazi iliyobaki ni masaa 71.

Dakika 49 zinauma unapokuwa na masaa 36. Siku ya Alhamisi zisingeuma hata kidogo.

Nilikuwa nimempigia rafiki anayefanya kazi kama yangu, na yeye alipendekeza njia ya mkato. "Kaka, shusha picha iwe robo kwa upana na robo kwa urefu, pikseli zinabaki moja ya kumi na sita, renda filamu nzima haraka, halafu zidisha kwa kumi na sita." Njia hiyo ni nzuri kwa kuona shoti ipi ni nzito kuliko ipi. Kwa kupata muda halisi inapotosha, na inafaa kuonyesha kwa nini.

Kila fremu ina gharama mbili. Ya kwanza haitegemei idadi ya pikseli wala ya sampuli: injini inasoma mandhari, inapakia tekscha (picha za nyuso za vitu) kwenye kadi, inajenga ule mti wa masanduku unaoiwezesha kujua mwale umegonga nini bila kukagua kila pembetatu. Ya pili ndiyo kufuata miale, nayo hukua sambamba na idadi ya pikseli na idadi ya sampuli. Kuzitenganisha ni rahisi: renda fremu moja mara mbili kwa sampuli tofauti. Nilichukua fremu ya katikati ya sebule. Kwa sampuli 256, sekunde 240. Kwa sampuli 64, sekunde 75. Tofauti ni sekunde 165 kwa sampuli 192, yaani sekunde 0.86 kwa sampuli. Sampuli 64 basi zina gharama ya sekunde 55, na sekunde 20 zinazobaki ni za maandalizi.

Sasa rudi kwenye ushauri wa rafiki yangu. Ukishusha picha hadi moja ya kumi na sita, ile sehemu ya sekunde 220 inakuwa karibu 14, lakini zile 20 za maandalizi zinabaki 20. Fremu inachukua sekunde 34. Zidisha kwa 16: sekunde 544. Ukweli ni 240. Ungekimbia kazi ambayo ingewezekana. (Hii inadai kwamba umezima kipengele cha kusimamisha sampuli mapema pale pikseli inapotulia. Kikiwa kimewashwa, uhusiano haunyooki tena na hesabu hii ya mistari miwili inavunjika. Kwangu kilikuwa kimezimwa.)

Kujua kwamba maandalizi ni sekunde 20 kulinifungulia mlango mwingine. Kwenye sebule na kwenye meza hakuna kitu kinachosogea isipokuwa kamera. Kwa nini mashine ijenge mandhari yaleyale upya kila fremu? Blender ina sehemu ya kuiambia ibaki na data kati ya fremu moja na nyingine, na nilikuwa sijaiwasha. Nilipoiwasha, maandalizi yalishuka kutoka sekunde 20 hadi 3. Kwenye bustani ya usiku faida ilikuwa ndogo: maandalizi yalikuwa sekunde 45 kwa sababu ya wingi wa majani, na kwa kuwa majani yanapeperushwa na upepo, ilibidi yajengwe upya kila fremu. Yalishuka hadi 40 tu.

Kisha sampuli. Chenga hazipungui sambamba na sampuli. Hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sampuli. Ukitaka chenga zipungue nusu, unalipa sampuli mara nne. Sheria hiyo inaumiza unapopanda, lakini unaposhuka inakuwa rafiki: kutoka 256 hadi 128 unaokoa nusu ya muda wa miale, na chenga zinaongezeka kwa asilimia 41 tu, siyo mara mbili. Programu ya kufuta chenga ilizimudu. Nilijaribu pia 64, na hapo kitambaa cha kochi kilianza kuonekana kama kimepakwa mafuta, na kwenye fremu tano mfululizo vivuli vya pembeni vilikuwa vinachezacheza. Picha moja iliyotulia inaweza kukudanganya hapo. Hizo za kufuata ndizo zinazofichua, kwa sababu programu inakisia upya kila fremu na makisio hayafanani.

Kupunguza midundo nilikataa baada ya jaribio moja: bilauri ziligeuka nyeusi katikati, kwa kuwa mwale unakatwa ukiwa bado ndani ya kioo.

Kwa mipangilio mipya sebule ikawa sekunde 113 kwa fremu, meza 198, bustani 182.

Kulikuwa na suala dogo la mshono. Fremu za sebule hadi ya 982 zilikuwa na sampuli 256, na kuanzia 983 zingekuwa na 128, katikati ya shoti moja. Nilirenda 982 kwa mipangilio mipya nikazibadilisha hizo mbili kwenye skrini, hii, ile, hii, ile. Kwenye ukuta hakuna tofauti. Kwenye pembe ya giza chini ya ngazi, ipo, na jicho linaikamata ikija ghafla. Dawa yake ilikuwa kurenda upya fremu 12, kuanzia 971, na kuzififisha zile za zamani ndani ya mpya wakati wa kuunganisha. Kamera ipo palepale katika kila jozi, kwa hiyo hakuna kinachoonekana isipokuwa chenga kubadilika kwa upole. Sebule ikawa na fremu 380 za kurenda badala ya 368.

Jumla ya kazi: sekunde 128,840, karibu masaa 36. Muda niliokuwa nao mpaka kukabidhi, ukitoa masaa matatu ya kuunganisha, kuweka sauti na kutuma, ulikuwa chini ya hapo. Ilihitajika mashine ya pili.

Rafiki yangu aliileta laptopu yake. Laptopu haipimwi kwa fremu moja. Ikiwa ya baridi inakimbia, ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe. Niliirendesha fremu ileile ya sebule mara tatu mfululizo kwa sampuli 256: sekunde 362, 391, 400. Nikaichukua ya tatu. Sekunde 240 za kwangu dhidi ya 400 zake, yaani inafanya sehemu sita kati ya kumi za kazi ya mashine yangu. Kwa pamoja tuna mashine 1.6. Masaa 35.8 gawanya kwa 1.6 ni masaa 22.4. Nikaongeza robo kwa yale nisiyoyajua: masaa 28.

Namna ya kugawana kazi ilikuwa ya kienyeji. Kwenye mipangilio ya kuhifadhi ya Blender kuna visanduku viwili: kimoja kinaizuia isiandike juu ya faili iliyopo, kingine kinaifanya iweke faili tupu yenye jina la fremu mara tu inapoanza kuirenda. Ukielekeza mashine mbili kwenye folda moja iliyoshirikishwa, kila moja inaona jina limeshachukuliwa na kuruka hadi fremu inayofuata. Hakuna haja ya programu ya usimamizi. Tulianza saa 6 kamili usiku wa Jumamosi. Nikiongeza masaa 28, mwisho ni Jumatatu saa 10 alfajiri. Nilimtumia mteja ujumbe mfupi kwamba filamu itafika Jumatatu asubuhi kama tulivyoandikiana, na kwamba ile ahadi ya Jumapili kutazama kwa nafasi haipo tena. Alijibu kwa neno moja, "Sawa," na sikujua nilisome kwa sauti gani.

Pale kipimo kilipokosea tena

Sebule na meza zilikwenda karibu kama zilivyoandikwa. Jumapili saa 10 jioni, masaa kumi na sita baada ya kuanza, tuliingia kwenye bustani ya usiku, nikaona laptopu imefunga programu yenyewe. Niliifungua tena. Ikarenda sekunde chache, ikafunga. Mara ya tatu nilisoma ujumbe badala ya kuupuuza: kumbukumbu ya kadi imejaa.

Kadi ya laptopu ilikuwa na gigabaiti 8. Bustani, pamoja na majani yake na tekscha zake, ilihitaji zaidi ya 9. Nilikuwa nimeipima mashine ya pili kwa fremu ya sebule, ambayo inakaa vizuri kwenye 8, nikaandika "0.6" kana kwamba ni sifa ya mashine. Kumbe ilikuwa sifa ya mashine ile kwenye shoti ile. Kwenye bustani thamani yake ilikuwa sifuri. Ni kosa lilelile la Ijumaa, limebadilisha shati. Laiti ningeipa fremu moja tu ya bustani Jumamosi usiku, ningejua ndani ya dakika moja.

Haikuwa hasara ya kuangusha kazi. Bustani nzima, sekunde 36,400, ilibaki kwa mashine yangu peke yake, masaa kumi na kidogo. Ilimaliza Jumatatu saa 8 na dakika 10 usiku. Masaa 26.2 badala ya 22.4, asilimia 17 zaidi, ndani ya ile robo niliyoiongeza. Watu huniuliza robo hiyo natoa wapi. Haina fomula. Ni kiasi ambacho naona kinaweza kumeza tatizo moja la ukubwa wa kati. Kama kazi ina mashine nyingi, au moshi na maji, naweka zaidi.

Jambo la mwisho lilikuwa dogo na lingeweza kuwa baya kuliko yote. Kila mara laptopu ilipofunga programu ghafla, iliacha nyuma yake ile faili tupu ya kushikilia nafasi. Tatu kwa jumla. Mashine yangu ilipozifikia ilizikuta zipo, ikaheshimu agizo la kutoandika juu yake, ikazipita. Idadi ya faili kwenye folda ilikuwa kamili, 1,800, na kama ningehesabu idadi tu ningeunganisha filamu yenye fremu tatu nyeusi kwenye bustani. Nilizipanga faili kwa ukubwa. Tatu za baiti sifuri zikakaa juu kabisa. Nikazifuta, nikazirenda, dakika tisa.

Jim Blinn, mmoja wa waliojenga misingi ya fani hii, ana kauli inayojulikana kwa jina lake kwamba mashine zinavyozidi kuwa na kasi, muda wa kurenda fremu unabaki palepale, kwa sababu tunajaza nafasi iliyopatikana kwa vitu zaidi. Naiamini. Bustani ile miaka michache iliyopita nisingethubutu kuiweka majani yote yale, na kadi yangu ya zamani ingekuwa imeniokoa kwa kunikataza.

Mteja aliipokea kabla ya saa 3. Mchana alipiga simu. Filamu ameipenda, kila mtu ameipenda, ila wameafikiana mapazia ya sebule yawe ya rangi ya udongo badala ya meupe.

"Hilo ni dogo, au siyo?"

Mapazia meupe yenye jua nyuma yake ndiyo yaliyokuwa yanaimwagia sebule mwanga. Ukiyabadilisha rangi, dari inabadilika, kochi linabadilika, hata ile pembe chini ya ngazi. Shoti nzima, fremu 550. Nilifungua jedwali la Jumamosi, nikazidisha 550 kwa 113, nikaongeza robo, ikatoka masaa 21 na nusu.

"Jumatano asubuhi," nilimwambia.

"Pazia tu?"

"Jumatano asubuhi."